Uza kikiwa kizima: jibu kuhusu TV ya chogo, betri na waya zilizolala stoo

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tabata, upande wa bonde la Msimbazi. Watoto wamehama na kuniachia stoo imejaa: TV ya chogo isiyowaka, TV ya flati iliyopasuka kioo, friji bovu, betri kubwa ya sola, simu kadhaa (moja imevimba mgongo), king'amuzi, pasi mbili, balbu, na furushi la chaji na waya. Gari la taka linakataa kuvibeba. Kuna kijana wa vyuma chakavu hupita na mkokoteni. Anataka friji, betri na waya tu. TV ya chogo anasema atatoa "ile koili" halafu linalobaki nitupe mwenyewe. Vijana haohao jioni huchoma waya kule bondeni, moshi unaingia hadi vyumbani, na kuku wangu wanashinda hukohuko wakichakura. Je, nimuuzie? Nisipomuuzia, nivipeleke wapi hapa Dar es Salaam?

Jibu:

Shikamoo Mwalimu.

Kijana muuzie, ila kwa masharti mawili: asifungue wala kuvunja kitu chochote uani kwako, na asichague. Akichukua friji, betri na waya, ameondoka na vyote vyenye bei, na wewe umebaki na TV ya chogo, balbu na simu iliyovimba, vitu ambavyo hakuna mtu atakayevifuata hata ukivitoa bure. Vyenye bei ndivyo pekee vinavyoweza kulipia safari ya visivyo na bei. Ukishavitenganisha, umebaki na mzigo wa kudumu.

Anayetaka kuzielewa taka za umeme za jiji hili afuate kopa, yaani ile shaba nyekundu ya ndani ya waya. Kijana wa mkokoteni ananunua mlangoni kwako kwa kukadiria, anakwenda kuuza kwa kilo kwa mwenye mizani, mwenye mizani anakusanya hadi apate mzigo wa lori, ndipo mzigo unakwenda kwa wayeyushaji au wasafirishaji. Kinachotembea katika safari hiyo yote ni kile tu ambacho mizani ya mbele inakinunua: chuma, alminiamu, shaba ya njano, kopa, na risasi (ile metali nzito ya kwenye betri, si ya bunduki). Kioo cha TV hakina mnunuzi. Ile plastiki ya mgongo wa TV, ambayo mara nyingi imechanganywa na kemikali za kuzuia moto, haina mnunuzi. Balbu vilevile. Kwa hiyo popote kitu kinapofunguliwa, kisicho na bei kinaachwa hapohapo. Kikifunguliwa kwako, kinabaki kwako. Kikifunguliwa bondeni, masika yanakishusha Msimbazi, na Msimbazi unamwaga baharini pale Salenda. La kujiuliza ni kitafunguliwa wapi, na mikononi mwa nani.

Wapo watakaokushangaa kwamba nakuruhusu kumuuzia kijana asiye na ofisi. Mimi siwalaumu vijana hawa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2024 inasema kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi. Kwa Afrika kiwango hicho hakifiki hata asilimia 1. Ukisoma haraka utadhani huku kwetu kila kitu kinaishia dampo, kumbe kinachohesabiwa ni kile kilichopita kwenye makaratasi. Fundi wa Kariakoo anayeng'oa pawa sapulai kwenye TV iliyokufa ili afufue nyingine hayumo kwenye hesabu. Anayegeuza kompresa ya friji kuwa pampu ya upepo hayumo. Na kwa kazi ya kukusanya, hakuna manispaa wala kampuni inayomfikia mtu wa mkokoteni: anaingia hadi uchochoroni, anabeba mwenyewe, na juu yake anakulipa. Kasoro inaanza akishafika anakofungulia mzigo, maana pale hana vifaa, hana glavu, na kisicho na bei hakimhusu.

Sasa twende kwa TV ya chogo, maana ndiyo ngumu kuliko vyote ulivyonavyo.

Ukiitazama kwa nyuma, chogo lile linapungua mpaka linakuwa shingo nyembamba ya kioo. Juu ya shingo hiyo imevishwa koili ya nyaya za kopa, na hiyo ndiyo anayoitaka kijana. Njia ya haraka ya kuipata ni kuipiga shingo. Ndani ya kioo hakuna hewa, kwa hiyo shingo ikivunjika hewa inaingia kwa kishindo na vipande vinaweza kuruka usoni. Kioo cha sehemu ile ya nyuma kimetengenezwa kwa kuchanganywa na risasi, iwazuie watazamaji wasipate mionzi. TV kubwa inaweza kubeba risasi ya kilo moja na zaidi. Upande wa ndani wa kioo cha mbele umepakwa unga mwembamba unaong'aa, nao una metali zake, na si wa kuvuta puani wala kushika kwa mikono mitupu. Tena TV ya chogo, hata kama imechomolewa muda mrefu, inaweza kuwa imebakiza umeme wa maelfu ya volti ndani ya kioo. Mafundi wazoefu wanajua kuutoa kabla ya kugusa. Mwenye nyundo hajui.

Akishachukua koili yake, anakuachia kioo kilichovunjika chenye risasi, ambacho kilikuwa salama kabisa kikiwa kizima. Hilo ndilo la kushika kuhusu TV ya chogo: nzima ni mzigo tu, ikivunjwa ni sumu. Nzima unaweza kuiweka stoo bila madhara, kavu, kioo cha mbele kikitazama ukuta, mbali na miguu ya wajukuu. Ukishindwa kumpata wa kuichukua ikiwa nzima mwaka huu, ikae. Sisemi hivyo kwa furaha, lakini ikivunjwa haiwezi kurudishwa.

Mbona haina soko kabisa? Zamani kioo cha TV hizi kiliyeyushwa na kutengenezewa TV nyingine za chogo, kwa sababu risasi yake ilitakiwa huko. Viwanda vilipoacha kuzitengeneza, kioo kikakosa pa kwenda, duniani kote, hata Ulaya hukilipia ili kiondoke. Huku kwetu watu walidhani zitakufa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam. Hazikufa; king'amuzi kilizipa maisha mapya. Kilichoziua ni TV za flati kushuka bei. Kwa hiyo kabla hujaihesabu taka, mwulize fundi wa mtaani kwako kama imekufa kweli. Ikiwaka, mpe mtu mwenye king'amuzi na asiye na TV. Ikiwa imekufa, usimpe mtu kwa ajili ya koili, hata akikupa hela nzuri.

Na kama atakuja mtu akakuambia ndani ya TV ya zamani au redio ya mzee kuna "zebaki nyekundu" yenye thamani ya mamilioni, mpe maji ya kunywa, kisha muage aende zake. Uvumi huo una miaka mingi. Hakuna kitu cha namna hiyo.

Tuje kwenye moshi, ambao naona ndio unaokusumbua zaidi, na una haki.

Waya nyingi za umeme zimevishwa plastiki ya PVC, na ndani ya PVC kuna klorini. Ikiungua kwenye moto wa kawaida wa uwanjani, ambao hauna joto la kutosha kuimaliza, klorini hiyo inaungana na mabaki ya moshi na kuzaa dioksini, mojawapo ya familia za sumu mbaya tunazozijua. Kopa yenyewe inasaidia kazi hiyo kwenda haraka, ndiyo maana kuchoma waya ni kubaya kuliko kuchoma ndoo ya plastiki. Wakichochea kwa vipande vya tairi au sponji ya friji, wanazidisha. Moshi ule mweusi mzito unaouona ni sehemu ndogo ya madhara, kwa sababu moshi hupita. Majivu hayapiti. Dioksini zinakaa kwenye udongo na kwenye mafuta ya mwili. Kwa binadamu huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua kwa nusu tu.

Hapo ndipo kuku wako wanapoingia. Kuku anachakura, anameza majivu pamoja na wadudu, na dioksini inakwenda kukaa kwenye mafuta yake, na kiini cha yai ni mafuta. Pale Agbogbloshie, Accra nchini Ghana, palipokuwa soko maarufu la kuchomea waya kabla ya kubomolewa Julai 2021, wachunguzi walipima mayai ya kuku waliokuwa wakichakura eneo hilo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa mtu mzima akila yai moja tu anapata dioksini mara 220 ya kiwango cha siku kinachovumilika kwa vigezo vya Ulaya. Bonde lenu si Agbogbloshie, moto wa jioni moja moja si moto wa miaka kwa miaka, na sitaki ulale ukiwaza. Ila njia ya sumu ni hiyohiyo. Ningekuwa wewe ningewafungia kuku banda, ningewalisha pumba na mahindi, na mayai ya wale waliozoea kwenda bondeni nisingewapa wajukuu kwa sasa. Majivu ya pale yasiingie kwenye bustani kama mbolea. Na mchicha unaolimwa jirani na wanapochomea uuogope, maana kuosha kunatoa vumbi la juu, hakutoi kilichoingia kupitia mizizi.

Vijana wanachoma kwa ajili ya haraka. Hela hawaongezi: kopa iliyochunwa kwa kisu inang'aa wekundu na mwenye mizani anaipenda, iliyochomwa imekuwa nyeusi na aghalabu inashushwa daraja. Kwa waya nene, kama za ekstensheni au za kuunganishia nyumba, kuchuna kunalipa, na mwambie hivyo kijana wako kwa sauti ya ualimu: nakuuzia, lakini zichunwe. Nyaya nyembamba za chaji na hedifoni ndizo hazichuniki kwa kisu, na ndizo zinazolishwa moto. Hizo usimpe. Chaji inayofanya kazi mpe mwenye simu. Mbovu zikae kwenye mfuko mmoja na vitu vya kupeleka kwa mwenye kibali, nitakaowafikia hapo chini. Pasi na friji usizikate waya zake, ziondoke nazo.

Betri ya sola. Hii ina soko zuri sana, kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na ndiyo maana kijana kaitaja bila kufikiri. Hatari yake ni maji yake. Wanunuzi wengine hawataki kupima maji, kwa hiyo mwuzaji anaambiwa aimwage kwanza, naye anaimwaga palepale kwenye mtaro au chini ya mwembe. Maji hayo ni tindikali iliyobeba risasi. Usikubali. Betri isimame wima, vizibo vimefungwa, iondoke na maji yake. Kama una mpango wa kununua nyingine, ulizia duka linalopokea ya zamani na kukupunguzia bei. Yapo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote kwa betri ya aina hii.

Usinione nasisitiza kupita kiasi. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitiririsha risasi kwenye makazi ya watu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake alikutwa na risasi mwilini, aliwaongoza wakazi kudai haki, akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Dakar nchini Senegal, mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 baada ya udongo wenye risasi ya betri kuchambuliwa na kuingizwa majumbani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hunyonya risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka chanzo hichohicho. Mtoto hutambaa, hushika chini, hutia mkono mdomoni. Wewe umefundisha watoto, unajua risasi inakula nini: akili ya darasani.

Simu iliyovimba ishughulikie leo, usingoje kumaliza kusoma. Ile ni betri ya lithiamu iliyojaa gesi. Usiichaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe "itoe upepo", usiiweke juani wala chini ya godoro. Kama mgongo unafunguka bila nguvu, toa betri, ziba vile vidoa vya shaba kwa tepu nyeusi ya umeme, uilaze kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, na kopo likae nje kivulini, mbali na jiko la gesi. Kama haifunguki, izime na uilaze simu nzima mchangani. Gari la taka likiishindilia betri kama hiyo kati ya makaratasi, moto unaanzia ndani ya lori. Pawabenki zilizochoka zinahusika pia, ikiwemo ile ambayo watoto wanaichezea kwa sababu "haishiki chaji". Betri ndogo za tochi na rimoti zina madhara kidogo. Zikusanye kwenye chupa kavu zingoje wenzake.

Simu nyingine zilizobaki, angalia kwanza kama si za kufufuliwa. Huenda baadhi ni zile zilizokatwa mtandao tarehe 16 Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozifungia simu bandia. Hizo ni za spea tu. Kabla simu yoyote haijatoka mkononi mwako, toa laini na memori kadi, kisha ondoa akaunti ya Google kwenye mipangilio ndipo uifute yote. Fuata mpangilio huo. Ukiifuta kabla ya kuondoa akaunti, simu inaweza kumdai mpokeaji nywila yako, na simu nzima nzuri ikageuka taka kwa sababu ya hatua moja. Laini usizozitumia zifutwe kwa mtoa huduma. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, huwa kuna za kushangaza. Ukiuza simu inayowaka, andikianeni hata kwenye karatasi ya daftari, namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu yenyewe) ikiwemo, ili kesho isije kutajwa kwenye kesi ukaitwa wewe.

Utasikia pia kwamba ndani ya simu kuna dhahabu. Ipo. Tani moja ya simu ina dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe ya mgodi mzuri. Lakini simu moja ina kama gramu 0.03, na kuitoa kunataka viwanda vikubwa vyenye kuchuja moshi wao, kama kile cha Umicore kule Hoboken, Ubelgiji, ambavyo huyeyusha bodi na kutenganisha metali nyingi kwa pamoja. Vijana wanaojaribu kwa tindikali kwenye beseni, kwa kufuata video, hupata chembe na hubaki na beseni la maji yanayoua samaki. Ukiombwa bodi kwa kazi hiyo, kataa.

TV ya flati iliyopasuka kioo haina faida kutengenezwa, maana kioo kinakaribia bei ya TV mpya, lakini mafundi wanaipenda kwa bodi zake. Mpigie fundi anayeaminika, aichukue nzima. King'amuzi, kama kinawaka, mpe jirani. Pasi ni chuma na alminiamu, hazina matata, muuzie kijana. Balbu za LED si hatari sana. Zile zilizopindapinda za kubana matumizi na tyubulaiti zina zebaki kidogo, ziweke kwenye boksi lake zisivunjike. Ikivunjika moja chumbani, fungua madirisha, watoto watoke, ngoja robo saa, kusanya kwa kadibodi na kitambaa chenye maji, usifagie kwa fagio.

Friji nalo muuzie, ila kwa kijana anayekubali lipitie kwa fundi wa friji kwanza. Wakikata bomba uani ili wapate kompresa, gesi yote inatoka. Kama friji ni la zamani sana huenda ni R-12, inayokula tabaka la ozoni. La kati linaweza kuwa R-134a, inayopasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja ya uzito uleule wa hewa ya ukaa. La siku hizi mara nyingi ni R-600a, ambayo inawaka moto, na msumeno unatoa cheche. Soma kibandiko cha nyuma au kwenye kompresa, aina ya gesi imeandikwa. Na mlango ung'olewe au ufungwe kamba likiwa bado kwako, mtoto asijifungie ndani.

Umeuliza upeleke wapi. Gari la taka lilipokataa, lilikutendea wema bila kukusudia. Lingezibeba zingeishia dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako watu wanachambua kwa mikono kutafuta kopa hiyohiyo, na kazi ya kuvunja na kuchoma ingefanywa na watu wengine, mbele ya watoto wengine.

Kisheria, tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kanuni mahususi za taka za vifaa vya umeme na elektroniki za mwaka 2021. Kanuni hizo zinataka anayekusanya, kusafirisha au kuchakata taka hizi awe na kibali, na msimamizi wake ni NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Kwa hiyo fika au piga simu ofisi ya kanda ya NEMC iliyopo jijini, uombe orodha ya wenye vibali vya taka za kielektroniki na taka hatarishi. Usitegemee tangazo la mtandaoni lenye picha ya miti na neno "kijani". Kibali kina namba, na namba inaulizika.

Sasa ukweli ambao hautaandikwa kwenye tangazo: mwenye kibali hatafurahi kutuma gari Tabata kwa ajili ya TV moja na mfuko wa chaji. Mafuta yanakula faida yote. Ndiyo maana nikasema usitenganishe. Na ndiyo maana ushauri wangu ni kwamba suala hili ulipeleke serikali ya mtaa, si kama malalamiko ya moshi, bali kama siku moja ya kukusanya. Nyumba ishirini zenye stoo kama yako ni mzigo wa gari. Zikijumlisha friji, betri na TV za flati, mzigo una thamani ya kubeba TV za chogo na balbu ndani yake. Mwalimu mstaafu akisimama kwenye mkutano wa mtaa anasikilizwa kuliko mimi na vyeti vyangu. Na mpendekeze kijana wa mkokoteni alipwe kwa kazi ya siku hiyo, kupita nyumba kwa nyumba na kuleta vitu vizima. Anazijua stoo zote, na akilipwa kwa kubeba hahitaji kuvunja. Moshi wa bondeni utapungua hivyo haraka kuliko kwa kuita mgambo, ambao wakija vijana watahamia korongo la jirani.

Mambo mawili ya kuangalia siku hiyo. Mahali pa kukusanyia pawe pakavu, na pa kufungwa, na pasiwe shule. Najua shule itajitolea, na najua itakuwa rahisi kwako, lakini mzigo ukichelewa kuchukuliwa, watoto ndio watakaokuwa wa kwanza kuufungua. La pili ni karatasi. Tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya marekebisho ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaodhibiti taka zinazovuka mipaka, taka za kielektroniki za aina zote, hata zile zisizo hatarishi, hazivuki mpaka bila ridhaa ya nchi inayopokea. Bodi zetu nyingi zinahitaji kwenda nje, kwa hiyo mwenye kibali wa kweli anaishi na makaratasi. Kabla gari halijaondoka, dai hati yenye kilo za kila aina, jina la kampuni, namba ya kibali na mahali mzigo unakokwenda, mwenyekiti abaki na nakala. Asiyeweza kuitoa, mzigo ushushwe.